Marekani: Nani huwalipia matibabu vijana waliolelewa na serikali?

Katika mwaka wa fedha wa 2023, zaidi ya vijana 15,000 nchini Marekani waliondoka katika malezi ya serikali kwa sababu moja tu: walikuwa wametimiza umri wa utu uzima. Hawakurudishwa kwa wazazi wao, hawakuasiliwa na familia nyingine, wala hakutokea ndugu wa kuwachukua.

Kijana wa namna hiyo, siku serikali inapoondoa mkono wake, hupoteza kwa mkupuo mmoja nyumba aliyokuwa akiishi na afisa aliyekuwa akimfuatilia. Kwa miaka mingi alipoteza pia bima ya afya, tena katika nchi ambayo usiku mmoja hospitalini huweza kumwachia mtu deni la miaka.

Tangu tarehe 1 Januari 2014, sheria inayalazimisha majimbo yote kuwapa vijana hao bima ya serikali iitwayo Medicaid hadi watimize umri wa miaka 26, bila kuuliza kipato chao. Hata hivyo wako wanaostahili bima hiyo ambao hawajui kuwa wanaistahili, na wako wengine ambao sheria yenyewe imewaacha nje.

Malezi ya kambo ni nini?

Nchini Marekani, mtoto anayeteswa, anayetelekezwa au ambaye wazazi wake hawawezi kumtunza, huondolewa nyumbani kwa amri ya mahakama. Jimbo ndilo linalochukua dhamana juu yake, na humweka kwa familia ya walezi wa kambo, kwa ndugu zake, au katika makao ya pamoja.

Mwishoni mwa Septemba 2023, watoto na vijana wapatao 343,000 walikuwa katika malezi ya aina hiyo nchini kote. Idadi hiyo imekuwa ikishuka, kwani mwaka 2018 walikuwa zaidi ya 430,000.

Shabaha ya malezi ya kambo ni kumpa mtoto hifadhi ya muda mpaka arudi kwa wazazi wake au apate familia ya kudumu. Kwa wengi ndivyo inavyokuwa. Wale ambao hawakupata lolote kati ya hayo mawili hubaki chini ya jimbo hadi wafikie umri wa miaka 18, na katika majimbo mengi siku hizi, miaka 21.

Wakiwa katika malezi hayo, karibu wote hutibiwa kwa Medicaid, mpango ulioanzishwa mwaka 1965 chini ya Rais Lyndon Johnson kwa ajili ya watu wenye kipato kidogo. Gharama zake hubebwa kwa pamoja na serikali kuu ya Washington na majimbo, na serikali kuu hulipa angalau nusu. Katika baadhi ya majimbo mpango huo una jina lake: California huitwa Medi-Cal, Massachusetts huitwa MassHealth, na Tennessee huitwa TennCare.

Afya ya vijana hawa

Watoto wanaoingia katika malezi ya serikali mara nyingi huja na majeraha, ya mwili na ya moyo. Wengine wamepigwa, wengine wameshuhudia wazazi wao wakiangamia kwa dawa za kulevya, na wengine wamehamishwa kutoka nyumba moja hadi nyingine mara nyingi kiasi cha kutojua tena daktari wao ni nani.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 uliwafuatilia watu wazima 659 waliowahi kulelewa katika malezi ya kambo katika majimbo ya Washington na Oregon. Ulionyesha kuwa mmoja kati ya wanne alikuwa na maradhi ya akili yatokanayo na kiwewe, kiwango kinachopita kile kilichoonekana kwa askari wa Marekani waliorudi kutoka vitani. Thuluthi moja yao hawakuwa na bima yoyote ya afya.

Mwaka 2011, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilichunguza majimbo matano na kukuta kuwa watoto walio katika malezi ya kambo walikuwa wakiandikiwa dawa za maradhi ya akili kwa kiwango kikubwa zaidi, kati ya mara 2.7 na mara 4.5, kuliko watoto wengine wenye Medicaid.

Maana yake ni kwamba kijana anaweza kufikisha miaka 18 akiwa anatumia dawa ambazo hazifai kukatizwa ghafla. Mpaka siku hiyo, afisa wa ustawi wa jamii au mahakama ndiyo iliyokuwa ikiidhinisha matibabu yake, na mlezi ndiye aliyekuwa akikumbuka siku ya kwenda kliniki. Kuanzia siku inayofuata, anatakiwa atafute daktari mwenyewe, aidhinishe matibabu mwenyewe, na alipe mwenyewe.

Ni kweli kwamba sheria ya mwaka 1986 inazilazimisha hospitali zenye vitengo vya dharura kumpokea na kumtuliza mgonjwa yeyote mahututi, awe na fedha au asiwe nazo. Lakini sheria hiyo haifuti deni, na haimpi mtu insulini ya mwezi ujao wala mazungumzo ya kila wiki na mshauri wa afya ya akili.

Hatua za mwanzo

Juhudi za kuwasaidia vijana hao zilipata nguvu mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwezi Desemba mwaka 1999, Rais Bill Clinton alitia saini sheria iliyoanzisha mpango wenye jina la John Chafee, seneta wa Rhode Island aliyefariki dunia miezi miwili kabla. Mpango huo uliongeza fedha za kuwaandaa vijana kujitegemea, na ukayaruhusu majimbo kuwapa Medicaid hadi umri wa miaka 21.

Neno muhimu hapo ni kuruhusu. Majimbo hayakulazimishwa, na si yote yaliyokubali. Kijana aliyelelewa upande mmoja wa mpaka wa jimbo aliweza kuwa na bima, na mwenzake wa upande wa pili akakosa.

Mwaka 2008, Rais George W. Bush alitia saini sheria nyingine iliyoyawezesha majimbo kuendelea kuwalea vijana hadi miaka 21 kwa msaada wa fedha za serikali kuu. Kijana anayechagua kubaki hutakiwa kuwa shuleni, kazini au katika mafunzo, isipokuwa kama ana maradhi yanayomzuia. Kwa wale waliobaki, bima ilibaki pia.

Kwa nini umri wa miaka 26?

Mabadiliko makubwa yalikuja na sheria ya huduma za afya ambayo Rais Barack Obama aliitia saini tarehe 23 Machi 2010. Moja ya vipengele vyake vilivyopendwa na wengi ni kile kinachowaruhusu vijana kubaki katika bima ya wazazi wao hadi watimize miaka 26.

Swali likazuka: na yule asiye na mzazi? Kama mahakama ilitamka kuwa jimbo ndilo mlezi wake, basi kwa mantiki hiyohiyo jimbo lilipaswa kumfanyia kile ambacho mzazi mwingine humfanyia mwanawe. Kwa hiyo sheria ikaweka kundi jipya la watu ambao kila jimbo lazima liwape Medicaid, nalo ni vijana waliotoka katika malezi ya kambo, hadi umri uleule wa miaka 26.

Utekelezaji ulianza tarehe 1 Januari 2014. Wakati huo, Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imekwisha kuamua, mwezi Juni mwaka 2012, kwamba majimbo hayawezi kulazimishwa kupanua Medicaid kwa watu wazima wote wenye kipato kidogo. Uamuzi huo haukuligusa kundi la vijana hawa. Hata katika Texas, Florida na Georgia, majimbo yaliyokataa upanuzi wa jumla, kijana aliyelelewa na jimbo ana haki yake.

Nani anastahili?

Masharti makuu ni matatu. Kwanza, kijana awe hajatimiza miaka 26. Pili, awe alikuwa katika malezi ya kambo chini ya dhamana ya jimbo, au ya kabila la Wahindi Wekundu linalotambuliwa, siku alipotimiza miaka 18, au umri mkubwa zaidi ambao jimbo husika huutumia kumaliza malezi. Tatu, awe alikuwa na Medicaid wakati wa malezi hayo.

Kipato hakiulizwi. Kijana anayefanya kazi katika ghala na kulipwa vizuri anastahili sawa na yule anayelala kwa rafiki zake. Akioa au akiolewa, haki yake haipotei, na akiacha chuo haipotei pia.

Huduma anazopata ni kamili: daktari, hospitali, dawa, uzazi, na afya ya akili. Hadi atimize miaka 21, analindwa na kanuni ya watoto na vijana inayolazimisha jimbo kulipia kila tiba inayohitajika, yakiwemo meno na miwani. Baada ya miaka 21 huingia katika huduma za watu wazima, ambazo hutofautiana. Katika baadhi ya majimbo, kwa mfano, matibabu ya meno kwa watu wazima ni haba.

Neno moja katika sheria

Mara baada ya sheria kuanza kutumika, kasoro moja ilijitokeza. Maandishi yake yalizungumzia kijana aliyekuwa chini ya dhamana ya "jimbo hilo", na wizara ya afya mjini Washington ikaisoma kama ilivyoandikwa: jimbo linalotoa bima liwe ndilo lililomlea kijana huyo.

Katika Kiingereza, tofauti ya "jimbo hilo" na "jimbo lolote" imo katika neno dogo linalotangulia jina, neno ambalo Kiswahili hata hakina. Lakini kwa kijana aliyelelewa Ohio na kwenda kusoma Kentucky, ng'ambo ya mto, neno hilo lilikuwa na maana ya kuwa na bima au kutokuwa nayo.

Kwa vijana wa aina hii kuhama si jambo la ajabu. Wako wanaofuata kazi, wanaojiunga na vyuo, na wengi humtafuta ndugu au mama aliye jimbo jingine, mtu ambaye hawakumwona kwa miaka. Kijana mwenye wazazi akihama, bima ya wazazi wake humfuata.

Mwanzoni majimbo kadhaa yaliamua kwa hiari yao kuwapokea waliotoka kwingine. Mwaka 2016, wizara ilitoa kanuni kwamba jimbo linalotaka kufanya hivyo lazima liombe kibali maalumu.

Wabunge waliokuwa wakipigania marekebisho, miongoni mwao Karen Bass wa California, ambaye baadaye alichaguliwa kuwa meya wa Los Angeles, walifanikiwa mwaka 2018. Kipengele chao kiliingizwa ndani ya sheria kubwa ya kupambana na janga la dawa za kulevya, ambayo Rais Donald Trump aliitia saini tarehe 24 Oktoba mwaka huo. Ikawa sasa ni "jimbo lolote".

Lakini marekebisho hayo yaliwekewa tarehe. Yanawahusu wale tu waliotimiza miaka 18 kuanzia tarehe 1 Januari 2023. Aliyetimiza umri huo siku moja kabla, akihamia jimbo lisilo na kibali maalumu, hana haki hiyo. Tatizo hili litakwisha lenyewe, kwa kuwa mwishoni mwa mwaka 2030 wa mwisho kati yao watakuwa wametimiza miaka 26. Mpaka wakati huo, vijana wawili waliolelewa nyumba moja na kuhamia mji mmoja wanaweza kupewa majibu tofauti kwa sababu ya siku zao za kuzaliwa.

Wanaoachwa nje

Wako wengine ambao sheria haiwagusi kabisa. Kijana aliyeishi katika malezi ya kambo kwa miaka kumi, kisha akaasiliwa akiwa na miaka 16, hakuwa katika malezi siku ya kutimiza 18. Vivyo hivyo aliyerudishwa kwa mama yake akiwa na miaka 17, hata kama maisha ya nyumbani yalivunjika tena mwaka uliofuata.

Kwa aliyeasiliwa, hoja ya sheria ni kwamba sasa ana wazazi, na atumie bima yao. Hoja hiyo haina nguvu pale ambapo wazazi wenyewe hawana bima, jambo ambalo si la nadra. Baadhi ya watetezi wa watoto wameonya kwamba kijana anayejua hesabu hizi huweza kukataa kuasiliwa ili asipoteze haki zake.

Kundi la pili ni la watoto wanaolelewa na ndugu bila amri ya mahakama. Hapa wasomaji wa Afrika Mashariki watatambua jambo la kwao. Bibi anamchukua mjukuu, au shangazi anampokea mtoto wa kaka yake, na hakuna karatasi inayoandikwa. Nchini Marekani hali hiyo ipo sana, na wakati mwingine ni maafisa wenyewe wanaoishauri familia ifanye hivyo ili shauri lisifike mahakamani.

Mtoto huyo, wakati bado ni mdogo, huweza kupata Medicaid kwa sababu ya umri na kipato. Lakini mbele ya sheria hakuwahi kuwa katika malezi ya kambo, na akiwa mtu mzima hawezi kuidai bima hii. Shangazi aliyemlea vema hana namna ya kumrithisha haki hiyo.

Vikwazo vya makaratasi

Hata kwa anayestahili, kupata haki ni safari. Majimbo yanatakiwa kumhamisha kijana kutoka bima ya mtoto hadi bima hii mpya bila kumkatia, na mengine hufanya hivyo kwa kompyuta pasipo kijana kujaza fomu. Kwingine, kumbukumbu za idara ya ustawi wa jamii na zile za idara ya bima hazisomani, na kijana huambiwa alete ushahidi kwamba alilelewa na jimbo.

Sheria ya shirikisho inaruhusu jimbo kukubali tamko la kijana mwenyewe, ila hailazimishi. Sheria ya mwaka 2014 nayo inataka kijana aliyekaa katika malezi kwa miezi sita au zaidi asiondoke mikono mitupu: apewe cheti cha kuzaliwa, kadi ya hifadhi ya jamii, kitambulisho, taarifa za bima na nakala ya kumbukumbu zake za matibabu. Kijana asiyepewa vitu hivyo ana haki ya kuvidai.

Kikwazo kingine ni barua. Medicaid huhakikiwa upya kila baada ya muda, na barua hupelekwa kwenye anwani iliyoandikwa. Kijana aliyehama mara nne kwa mwaka haipati, hajibu, na bima hukatwa ingawa bado anastahili.

Jambo hilo lilionekana wazi baada ya janga la korona. Tangu mwezi Machi mwaka 2020 hadi mwisho wa Machi 2023, majimbo hayakuruhusiwa kumkatia mtu Medicaid. Zuio lilipoondolewa, zaidi ya watu milioni 25 nchini kote waliondolewa katika orodha, na walio wengi si kwa kuwa walionekana hawastahili, bali kwa sababu ya makaratasi kutokamilika.

Vijana wakimbizi kutoka Afrika Mashariki

Suala hili lina uhusiano wa moja kwa moja na kambi za wakimbizi za Afrika Mashariki. Marekani ina mpango maalumu wa watoto wakimbizi wasio na wazazi, ambao huwekwa kwa walezi wa kambo na kupewa huduma sawa na zile wanazopewa watoto wengine wa jimbo husika.

Kundi lililojulikana zaidi ni lile la vijana wa Sudan Kusini waliotembea hadi Ethiopia na kisha Kenya. Mwaka 2000 na 2001, takriban 3,800 kati yao walichukuliwa kutoka kambi ya Kakuma na kupelekwa Marekani. Wengi walikuwa wamekwisha kuwa watu wazima, lakini mamia walikuwa bado watoto na walipewa walezi wa kambo katika majimbo kama Michigan. Sheria ya miaka 26 ilipoanza mwaka 2014, wengi wao walikuwa wamepita umri huo.

Waliowafuata baadaye, wakiwemo watoto wa Kongo waliokulia katika kambi za Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi, waliikuta sheria imekwisha kuwapo. Kwao maswali ni yaleyale: je, jimbo ndilo lililokuwa na dhamana ya kisheria juu ya mtoto, na je, alikuwa na Medicaid? Katika baadhi ya maeneo dhamana hiyo hushikwa na shirika la hisani badala ya jimbo, na kwa sababu hiyo inafaa kijana amwombe afisa wake amweleze kwa maandishi hali yake ilivyo kabla ya kuondoka.

Mwezi Januari 2025, Rais Trump alisimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, hatua iliyowazuia wengi waliokuwa wakisubiri safari.

Sheria ya mwaka 2025

Tarehe 4 Julai 2025, Rais Trump alitia saini sheria pana ya kodi na matumizi iliyopunguza fedha za Medicaid. Miongoni mwa mengine, sheria hiyo inawataka watu wazima waliopata Medicaid kupitia upanuzi wa mwaka 2010 wathibitishe saa 80 za kazi, masomo au kujitolea kila mwezi, na majimbo yanatakiwa yawe yameanza ifikapo tarehe 1 Januari 2027.

Vijana waliotoka katika malezi ya kambo na ambao hawajatimiza miaka 26 wamesamehewa sharti hilo. Msamaha huo lakini humfaa yule ambaye jimbo linamtambua. Kijana aliyeandikishwa kimakosa katika kundi la watu wazima wa kawaida, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza alikolelewa, anaweza kutakiwa kuthibitisha saa za kazi na kukatiwa bima akishindwa.

Katika msaada wa chakula mambo yalikwenda kinyume. Mwaka 2023 vijana hao, hadi umri wa miaka 24, walisamehewa masharti ya kazi. Sheria ya 2025 ikaufuta msamaha huo.

Kwa wakimbizi kuna jambo zito zaidi. Sheria hiyohiyo iliweka kwamba kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026, fedha za serikali kuu za Medicaid zitawahusu raia, wenye ukaazi wa kudumu na makundi machache yaliyotajwa. Mkimbizi au aliyepewa hifadhi, ambaye hajapata kadi ya ukaazi wa kudumu, hayumo. Mkimbizi anaruhusiwa kuomba kadi hiyo baada ya kuishi nchini mwaka mmoja, na kwa kijana aliye peke yake, ombi hilo sasa linagusa pia matibabu yake.

Uingereza na Marekani

Kwa msomaji anayeishi Uingereza, mjadala wote huu waweza kuonekana mgeni. Huko kijana anayetoka katika malezi ya serikali hutibiwa na huduma ya afya ya taifa kama mkazi mwingine yeyote, na hakuna anayeulizwa alikuwa wapi siku ya kutimiza miaka 18. Sheria za England humpa pia mshauri wake binafsi hadi umri wa miaka 25.

Hilo haliondoi matatizo mengine, kama vile foleni ndefu za huduma za afya ya akili na upweke wa kuanza maisha bila familia. Lakini suala la nani atalipa halipo. Nchini Marekani, ambako bima hufungamana na kazi, ndoa, mzazi au umaskini uliothibitishwa, asiye na mzazi alihitaji kutungiwa kifungu chake mwenyewe.

Baada ya miaka 26

Siku ya kutimiza miaka 26, haki hii hukoma. Kabla ya kumkatia, jimbo linatakiwa kuangalia kama kijana anastahili Medicaid kwa njia nyingine, kwa mfano ujauzito, ulemavu au kipato kidogo. Asipostahili, hupewa muda maalumu wa kujiandikisha katika soko la bima za binafsi nje ya msimu wa kawaida.

Katika majimbo 40 na mji mkuu Washington, yaliyopanua Medicaid, mwenye kipato kidogo huweza kuendelea. Katika mengi ya majimbo 10 yaliyobaki, mtu mzima asiye na mtoto wala ulemavu hapati Medicaid hata awe maskini kiasi gani, na akiwa chini ya mstari wa umaskini hapati pia ruzuku ya kununua bima ya binafsi. Kwa kijana wa Texas mwenye vibarua vya hapa na pale, umri wa miaka 26 unaweza kumkosesha bima moja kwa moja.

Kwa ambaye bado yumo ndani ya umri huo, hatua za kuchukua ni chache, na hazilipiwi. Maombi ya Medicaid hupokelewa mwaka mzima, katika ofisi za jimbo, kwa simu au kwa intaneti. Katika fomu kuna swali linalouliza kama mwombaji aliwahi kuwa katika malezi ya kambo akiwa na miaka 18 au zaidi, na jibu la swali hilo ndilo linalomweka katika kundi lake. Aliyekataliwa ana haki ya kukata rufaa na kusikilizwa.

Aliyehama ajulishe anwani yake mpya mapema, na aliyekwisha kukatiwa kwa kukosa barua anaweza kuomba tena siku yoyote kabla ya kutimiza miaka 26. Kwa aliyekuwa na bili za hospitali ambazo hazijalipwa, inafaa aulize, kwa kuwa katika majimbo mengi Medicaid imekuwa ikiweza kulipia pia matibabu ya miezi iliyotangulia ombi. Sheria ya 2025 imeufupisha muda huo kuanzia Januari 2027, na hiyo ni sababu nyingine ya kutochelewa.